Gari Lihudumiwe kwa Fundi Yupi? Maswali ya Wasomaji wa Malindi na Mokowe

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza jambo moja: pa kupeleka gari bila kuumizwa bei. Hatukuandika bei zenyewe, kwa sababu hubadilika kila mara. Tumeandika vipimo, nambari za injini na mambo ya kuangalia, ili ukifika gereji uwe na la kuuliza.

Nina Probox ya mwaka 2010, petroli, injini ya 1500. Gereji moja ya barabara kuu imenitajia bei ya sevisi ambayo ni karibu mara mbili ya fundi wa chini ya mwembe huku Muyeye. Wote wanasema ni "sevisi kamili". Mume wangu asema cha rahisi ni ghali. Mimi naona nalipia ofisi na vigae. Nimfuate nani?
*Mama mwenye duka, Muyeye*

Mama, bei hizo mbili bado huwezi kuzilinganisha, kwa kuwa hujui ndani yake mna nini. "Sevisi kamili" kila fundi ana yake. Rudi kwa wote wawili, kwa upole tu, uwaombe wakugawie bei mafungu matatu: oili, spea, ufundi. Kwenye oili aandike jina lake, uzito wake (yaani wepesi au unene wa oili, si kilo) na lita ngapi. Kwenye spea ataje kila filta na kampuni iliyoitengeneza. Ufundi usimame peke yake. Ukiweka karatasi hizo mbili pamoja utaona pengo liko wapi, na mara nyingi haliko kwenye ufundi. Liko kwenye oili: mmoja amekupigia hesabu ya kopo zima la oili ya sintetiki, mwingine atakutilia oili ya kupimwa kutoka kwenye pipa.

Probox nyingi za 1500 za miaka hiyo zina injini ya 1NZ-FE. Injini hiyo huchukua lita 3.7 ukibadilisha oili pamoja na filta, au lita 3.4 ukiiacha filta ya zamani, jambo ambalo hatulishauri. Kopo la lita 4 latosha na hubaki kidogo. Uzito wa 5W-30 unaifaa vizuri. Basi ukiandikiwa lita 5, uliza hiyo moja na ushei inakwenda wapi. Mabaki ni yako, umeyalipia. Funga kopo, weka kwenye buti, yatakufaa kujazia kabla ya sevisi ijayo.

Afadhali oili uinunue mwenyewe, kwenye duka lenye risiti, uje nayo. Angalia mfuniko: ile pete ya plastiki iwe haijakatika, na karatasi ya ndani iwe imegandamana vizuri mdomoni. Kopo lenye alama ya ubora ya KEBS huwa na nambari ya kibali chini ya alama. Andika SM, alama ya #, kisha nambari hiyo, utume kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, utajibiwa kama kibali kipo. Oili ya pipa haina njia ya kuikagua namna hiyo, na injini hii haistahili kubahatishiwa.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana, awe chini ya mwembe au juu ya vigae. Simama karibu. Injini iwe na joto kiasi, si ya moto wa kuunguza, ili oili iteremke yote. Bolti ya kutolea oili iko chini ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, na kichwa chake hushikwa na spana ya 14. Fundi akianza kuing'ang'ania kwa plaiza au kwa spana isiyokaa sawasawa, mzuie. Kichwa kikiviringika, kitakachofuata ni patasi na nyundo.

Ikishatoka, itazame bolti mkononi mwake. Ina washa, kile kiduara bapa kinachokaa kati ya kichwa na sampu. Washa iliyokwisha kubanwa huwa imekuwa nyembamba na ina alama ya duara iliyozama. Ikirudishwa hiyo hiyo itavuja tone kwa tone, na fundi akiona tone ataongeza nguvu. Bolti hii yataka kubanwa kwa nguvu ya kama niutoni-mita 38, ambayo ni mkono mmoja na spana fupi. Akipiga bomba mwishoni mwa spana ili aongeze urefu, nyuzi za sampu huchunika, na hapo washa ya bei ya peremende inazaa kazi ya kutengeneza au kubadilisha sampu. Nunua washa mbili siku unayonunua filta. Ni akiba ndogo yenye faida kubwa.

Filta haibanwi kwa mnyororo. Pete yake ya mpira ipakwe oili mpya kwa kidole, izungushwe kwa mkono hadi iguse, kisha iongezwe robo tatu ya mzunguko. Basi. Kabla ya kufunga, fundi ahakikishe pete ya filta kuukuu haikubaki imegandia injini. Pete mbili zikikaa pamoja oili hutoka kwa kasi mara injini inapowashwa, na injini yaweza kuharibika kabla hujafika Ngala.

Mwisho ni kijiti cha kupimia. Injini iwashwe dakika moja, izimwe, isubiriwe dakika tano, ndipo ipimwe mahali pa sawa. Oili ifike karibu na alama ya juu, isiipite. Ikizidi sana, kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, huipiga ikawa povu, na povu halilainishi kitu.

Fundi wa Muyeye akifanya hayo mbele yako, kwa oili na filta ulizoleta, mpe kazi hiyo na ulipe ufundi wake. Lakini usimpe kila kitu kwa sababu ni jirani. Kupanga magurudumu kwa mashine, kuchonga diski kwenye kerezo, pampu na nozeli za dizeli, gesi ya eisii, kusoma kompyuta ya gari: hizi zina vifaa vyake, na gereji yenye vifaa ndiyo unayopaswa kuilipa hata kama ni ghali zaidi. Ushauri wetu kwa kila msomaji ni huu: gereji ichaguliwe kwa kazi, kila kazi na mahali pake.

Je, nikienda Mombasa kwa sevisi nitapata nafuu? Wenzangu husema huko spea ni bei ya chini.
*Dereva, Maweni*

Spea, ndiyo, zaweza kuwa chini. Safari haiwi chini. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, kwenda na kurudi 240. Gari la kilomita 15 kwa lita litakunywa lita 16 za petroli, na siku nzima ya kazi umeipoteza. Zidisha lita hizo kwa bei ya pampu ya leo, kisha ulinganishe na tofauti uliyoambiwa. Kwa sevisi ya oili na filta hutapata kitu. Kwa giaboksi, rediata mpya au shokomzoba nne, hesabu yaweza kugeuka. Hata hivyo, mara nyingi spea yenyewe ndiyo inayopaswa kusafiri: mpigie mwenye duka, mpe nambari ya chesisi kama ilivyo kwenye logibuku, aitume kwa basi, ifungwe hapa hapa. Nambari ya chesisi ni muhimu kuliko jina la gari, kwa kuwa Probox mbili zinazofanana zaweza kuwa na pedi tofauti.

Kila nikienda sevisi natoka na orodha: kusafisha injini kwa dawa, kusafisha nozeli, plagi mpya. Mara hii nimeambiwa belti ya taimingi imefika wakati kwa sababu gari lina kilomita 110,000. Injini ni 1NZ. Tena taa ya injini inawaka, na fundi anataka kubadilisha sensa ya oksijeni. Kipi ni cha kweli?
*Mwalimu, Gongoni*

Mwalimu, belti ndiyo ghali, tuanze nayo: haipo. 1NZ-FE inatumia cheni ya taimingi, ile inayozifanya vali na pistoni ziende pamoja. Belti unayoiona pembeni ukifungua boneti ni ya nje, inazungusha altaneta, pampu ya maji na kompresa ya eisii. Hiyo hukaguliwa nyufa na hubadilishwa ikizeeka, na ni kazi ndogo. Fundi aliyekuambia hivyo ama haijui injini hii ama hakuitazama. Kwa vyovyote vile, kazi ya ndani ya injini usimwachie.

Wasomaji wengine nao wajue magari yao yako upande gani. Zenye cheni ni pamoja na 1NZ, 2NZ, 1KR ya Vitz ya 1000, na HR15 ya Nissan. Zenye belti ni pamoja na 3L na 5L za Hiace na Hilux za dizeli, 1KZ, 1HZ ya Land Cruiser, na EJ20 ya Subaru. Kwenye hizi za belti, kilomita 100,000 ni mpaka wa kuuheshimu, na ukinunua gari la mtumba bila ushahidi wa lini ilibadilishwa, ibadilishe. Belti ya dizeli ikikatika njiani, vali hugongana na pistoni, na hapo unafungua kichwa cha injini. Cheni haina tarehe, lakini oili ikicheleweshwa hulegea. Utaisikia ikikwaruza kwa sekunde chache asubuhi unapowasha injini baridi.

Plagi zina aina. Za kawaida, za nikeli, hubadilishwa baina ya kilomita 20,000 na 30,000. Za iridiamu hufika karibu 100,000. Mwambie fundi azitoe azishike mbele yako: ncha ya iridiamu ni nyembamba kama sindano, ya nikeli ni nene. Ukibadilishiwa iridiamu nzima ukawekewa nikeli mpya, umerudi nyuma kwa pesa zako mwenyewe.

Dawa ya kusafisha injini huna haja nayo ikiwa oili imebadilishwa kwa wakati. Na ikiwa imecheleweshwa kwa miaka, dawa hiyo yaweza kubandua uchafu mwingi kwa pamoja ukaziba chujio la pampu ya oili. Tiba yake ni oili nzuri iliyobadilishwa mara mbili kwa vipindi vifupi, kilomita 2,000 kila kimoja. Nozeli zisafishwe zikiwa na dalili: injini inatetemeka ikiwa imesimama, au inakula petroli kupita kawaida, na plagi ziko sawa.

Kitu ambacho orodha yako haina ndicho ambacho gari la Gongoni linakihitaji zaidi, nacho ni filta ya hewa. Vumbi la barabara za huko na za Marereni huijaza upesi. Ifungue kila kilomita 2,500: klipu mbili, hakuna spana. Ipulizwe upepo kutoka ndani kwenda nje, usikubali kinyume chake, maana vumbi litasukumwa ndani ya karatasi. Ukiinua mbele ya jua na usione mwanga ukipenya, badilisha.

Kuhusu taa ya injini: mashine inatoa nambari, haitoi jina la spea. Uliza nambari yenyewe uiandike. Tuseme ni P0171, maana yake mchanganyiko una petroli kidogo au hewa nyingi. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa habari, na mleta habari si lazima awe mkosaji. Kwanza kitazamwe kile kibomba cha mpira kati ya filta ya hewa na injini kama kimepasuka kwenye mikunjo, kisha sensa ya kupima hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu. Vyote viwili ni rahisi kuliko sensa mpya. Gereji inayokubali kukupa nambari na kukueleza itaanza kupima wapi ndiyo ya kurudia.

Gari langu lachemka nikibeba mzigo. Maji ya rediata hupungua, najazia ya kisima cha nyumbani. Fundi amesema tutoe thamostati, kwani "kwa joto la pwani haina kazi". Nikubali?
*Msomaji, Mambrui*

Usikubali, ndugu yetu, na hayo maji ya kisima yaache leo.

Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi. Fanya jaribio dogo: tia tone la maji hayo kwenye kioo, uliache likauke juani. Duara jeupe litakalobaki ndilo linalojijenga ndani ya vijimfereji vya rediata yako, tone juu ya tone, hadi maji hayapiti. Chumvi hiyo hiyo hula aluminiamu ya kichwa cha injini na mabawa ya pampu. Gari la Probox au Vitz halihitaji zaidi ya lita 5 hivi za kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini. Nunua ya kutumiwa moja kwa moja, au nunua nzito uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotonesheka, yale yanayouzwa kwa jina la maji ya betri. Ukiwa njiani na umekwama, maji ya chupa ya kunywa ni afadhali mara kumi kuliko ya kisima.

Thamostati, ile vali ndogo inayofungulia maji yaende rediata injini ikipata joto, ina kazi pwani kama ilivyo na kazi Nyahururu. Kwenye injini nyingi ndogo za Toyota hufunguka ikifika nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini inakwenda baridi barabarani, kompyuta inadhani bado ndiyo kwanza imewashwa, inazidisha petroli, na oili haipati joto la kukausha unyevu. Hapo hujatibu kuchemka, umekuficha tu. Thamostati mpya ni spea ya bei ndogo. Na ya zamani hupimika kwa sufuria: ining'inize ndani ya maji, yachemshe, uone kama inafunguka.

Sababu ya kuchemka itafutwe kwa mpangilio, na fundi anayeruka moja kwa moja hadi "gasketi ya kichwa", ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, mwombe aanze chini. Kwanza mfuniko wa rediata, injini ikiwa baridi: mpira wake ukiwa umekauka au umekatika, mfumo haushiki shinikizo na maji huchemka mapema. Pili feni: washa eisii, feni ya mbele lazima izunguke. Isipozunguka, fyuzi, rilei au mota. Tatu uvujaji: gereji yenye pampu ya kupima shinikizo itaujaza mfumo upepo, na hapo hata tundu dogo la pampu ya maji huonyesha njia yake, mara nyingi kwa mstari mweupe uliokauka. Nne rediata yenyewe: pitisha mkono karibu na uso wake injini ikiwa na joto na imezimwa. Pakiwa na sehemu baridi katikati ya moto, hapo pameziba.

Gasketi ina dalili zake: mapovu yasiyokoma kwenye tangi dogo la akiba, moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto, au oili ya kijiti kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hujaona hata moja? Kichwa kisifunguliwe.

Natumia gari kwa teksi. Nimebadilishiwa pedi za mbele, baada ya miezi mitatu za kushoto zimekwisha, za kulia bado nene. Fundi anasema pedi ni za bandia. Nimrudie au nihame?
*Mwendesha teksi, Malindi mjini*

Pedi za bandia zingekwisha pande zote mbili. Upande mmoja ukiisha peke yake, kuna kitu kimekwama, na hapa kwetu karibu kila mara ni chumvi ya bahari.

Kalipa ya breki, kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski, hupanda juu ya pini mbili zinazoteleza ndani ya vifuko vya mpira. Unapoachia breki, pini hizo huiruhusu kalipa irudi. Kifuko kikichanika, hewa ya chumvi huingia, pini hupata kutu, kalipa hairudi, na pedi inaendelea kusugua diski kutwa nzima. Ukisha endesha kilomita kumi bila breki nyingi, karibisha kiganja kwenye rimu zote mbili za mbele bila kugusa. Ya kushoto itakuwa ya moto kuliko ya kulia.

Kazi sahihi ya pedi, basi, si kutoa na kuweka. Pini zivutwe, zisuguliwe kwa msasa mwembamba, zipakwe grisi ya breki ya silikoni. Grisi ya kawaida ya bolijointi huvimbisha mpira na katika miezi michache pini hukwama tena. Vifuko vilivyochanika vibadilishwe. Pistoni isukumwe ndani kwa mkono au kwa kibanio: ikigoma, kalipa inahitaji mipira mipya. Hapo ndipo pedi mpya ziingie, za pande zote mbili pamoja. Pedi hubadilishwa zikifika milimita 3, zisingojewe chuma kianze kukwaruza diski.

Maji ya breki nayo yana sumu yake hapa: hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu imejaa unyevu. Yabadilishwe yote kila miaka 2, DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye mfuniko. Chupa iliyokaa wazi rafuni kwa fundi usiitumie.

Mrudie fundi wako mara moja, umwombe akutolee hizo pini mbele yako. Akikubali na kuzisafisha, amejifunza na wewe umepata fundi. Akishikilia pedi tu, hama. Na tangu leo uandike kila kazi: tarehe, kilomita, spea gani, nani aliyeifunga, na ulipe kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na dai la miezi mitatu bila maandishi ni maneno matupu.

Fundi anataka kunitilia oili nyekundu ya kawaida kwenye giaboksi ya Nissan Note. Ni sawa?
*Msomaji, Gede*

Si sawa kabisa. Note za E12 nyingi zina giaboksi ya CVT, yenye belti ya chuma ndani ambayo hushikiliwa na oili maalumu, kwa gari hilo NS-3. Oili nyekundu ya giaboksi ya kawaida itaifanya iteleze, na ikishachubuka hakuna kurudi. Litoe gari hapo. Kazi hii ipeleke kwa gereji inayotaja NS-3 kabla hujaitaja wewe.

Assalaam alaykum. Naishi Lamu, gari langu nililiacha Mokowe kwa safari za bara. Hutembea kidogo sana, labda kilomita 3,000 kwa mwaka. Yafaa nilipeleke Malindi kila sevisi?
*Msomaji, Langoni*

Waalaykum salaam, ndugu yetu. Mokowe hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 200, kwenda na kurudi zaidi ya 400, yaani zaidi ya sehemu ya nane ya mwendo wako wa mwaka mzima. Sevisi ya oili ifanyie Mokowe kwa fundi unayemwamini, na vifaa uje navyo: oili, filta, washa, vyote vikinunuliwa siku uliyopita Malindi kwa shughuli nyingine. Hata kama kilomita hazijafika, oili ibadilishwe mara moja kwa mwaka. Gari linalowashwa dakika kumi kisha likazimwa hukusanya maji ndani ya oili kuliko linalokwenda safari.

Safari ya Malindi iweke kwa yale yanayotaka mashine, na yakusanye yawe mawili matatu. Piga simu siku tano kabla, utoe nambari ya chesisi, ili spea iwe imefika nawe ukifika. Usifike Ijumaa mchana.

Adui wako mkubwa si mwendo, ni kusimama kando ya bahari. Handibreki usiifunge gari likikaa wiki nzima: kebo na viatu vya breki hushikana kwa kutu. Weka mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu. Toa kichwa cha betri cha upande wa hasi. Ukikuta unga wa kijani au mweupe kwenye vichwa vya betri, mimina maji ya moto yenye magadi, sugua kwa brashi, kausha, kisha paka mafuta mazito ya Vaseline. Kila baada ya wiki mbili mtu aliwashe na kuliendesha nusu saa, si kuliwasha tu pale lilipo.

Na oili chafu isimwagwe ufukweni wala kwenye mikoko ya hapo gatini. Itiwe kwenye dumu la lita 5 lenye mfuniko, uende nalo safari ijayo ya Malindi, ukaliache kwenye gereji inayokusanya. Juu ya kipande cha tepu nyeupe andika tarehe na kilomita za sevisi, ukibandike ndani ya mlango wa dereva, ili hata anayekuwashia gari aweze kusoma.